Damu Safi, Kinga Chovu

Msikilizaji, mwaka 1969 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha habari ya fumbo lililotokea ndani ya chumba cha kusafishia damu. Homa ya ini ilikuwa imeingia katika kitengo kimoja cha wagonjwa wa figo, ikawapata wagonjwa na wahudumu wao kwa pamoja. Wahudumu waliugua ghafla: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, mwili kukosa nguvu. Kisha walipona, na virusi vikatoweka katika damu yao. Wagonjwa wa figo, ambao mtu angedhani ndio wangeumia zaidi, hawakuonyesha jambo kubwa. Macho yao hayakugeuka njano. Walikuja kwenye mashine siku zao za zamu wakiwa na uchovu uleule waliouzoea. Lakini damu yao ilipopimwa, virusi vilikuwa vimo. Miezi ikapita, vikapimwa tena, bado vimo.

Mmoja wa watafiti hao alikuwa Baruch Blumberg, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1976 kwa ugunduzi uliofungua njia ya kuvijua virusi vya homa ya ini B. Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja: kirusi ni kilekile, chumba ni kilekile, kwa nini mwenye afya augue sana na kupona, naye mgonjwa augue kidogo na asipone?

Jibu limo katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Kirusi cha homa ya ini B kikiingia kwenye ini, madhara mengi ya mwanzo hayafanywi na kirusi. Hufanywa na askari wa mwili wenyewe wanapozishambulia seli za ini zilizotekwa. Macho ya njano ni dalili kwamba vita vinapiganwa. Kwa mgonjwa wa figo vita havikupiganwa, au vilipiganwa kwa unyonge, na adui akajenga nyumba. Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto. Kwa mtu huyu moto unaweza kuwaka bila moshi wowote, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo familia yenye mgonjwa wa figo inapaswa kulielewa.

Mashine inayomweka hai mgonjwa huyo ina historia ya heshima. Willem Kolff, daktari kijana wa Uholanzi, aliitengeneza mwaka 1943 katika mji wa Kampen, wakati nchi yake ikikaliwa na majeshi ya Ujerumani. Alichukua utando wa selofani, ule uliotumika kufungia soseji, akauzungushia kwenye pipa la mbao lililozama nusu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Damu ilipita ndani ya utando, taka zikatoka nje. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mama wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka, na dunia ikajua kwamba kazi ya figo inaweza kufanywa na mashine. Mwaka 1960, mjini Seattle, Belding Scribner aliweka mrija wa tefloni uliokaa mkononi mwa mgonjwa moja kwa moja, ili aweze kuunganishwa na mashine tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi.

Leo kazi hiyo inafanyika katika hospitali za Muhimbili na Kenyatta, Dodoma, Mombasa na kwingineko. Mgonjwa hukaa kwenye kiti saa nne, damu ikitoka na kurudi, na maji yapatayo lita 120 yakipita upande wa pili wa chujio katika kipindi kimoja. Akishuka kwenye kiti, miguu iliyovimba imepungua, pumzi imerudi. Ndugu waliomsindikiza husema, damu imesafishwa, sasa yuko sawa.

Ni kweli amepata nafuu. Ila figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki, na mashine, kwa anayepata vipindi vitatu, hufanya saa 12. Isitoshe, ziko taka zinazojishikiza kwenye protini za damu, ambazo chujio halizipati vizuri. Hizo hubaki zikizunguka mwilini mchana na usiku, na mojawapo ya sehemu zinazoumizwa nazo ni kinga ya mwili.

Hapa panahitaji maelezo ya taratibu, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na aina fulani ya chembe nyeupe za damu, zinazoitwa seli B. Kila kingamwili hutengenezwa kwa ajili ya adui mmoja mahususi, mfano wa ufunguo na kufuli yake. Mtu akimpima mgonjwa wa mashine jumla ya kingamwili zake, mara nyingi majibu huja ya kawaida. Chujio halizitoi, maana kingamwili ni kubwa mno kupenya kwenye vitundu vyake. Kwa hiyo ghala linaonekana limejaa. Upungufu wa mgonjwa huyu uko kwingine: mwili ukiletewa adui mpya na kuambiwa utengeneze ufunguo mpya, unachelewa, unatengeneza chache, na hizo chache hazidumu.

Sababu yake ni mnyororo wa kazi uliolegea. Mwilini zimo seli za doria ambazo kazi yake ni kumkamata mvamizi, kumkatakata, na kuonyesha kipande chake kwa seli nyingine zinazoitwa seli T. Kumwonyesha peke yake hakutoshi. Lazima seli ya doria ipige na mbiu kwamba huyu ni hatari. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimekufa, mbiu hiyo ni hafifu. Mlinzi amemwona mwizi lakini sauti haitoki. Seli T zisipoamshwa vizuri haziziagizi seli B, na seli B zenyewe zimepungua, nyingi zikifa mapema, zikiwemo zile za kumbukumbu ambazo zingemtambua adui akirudi. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wamelinganisha seli T za wagonjwa wa figo na za watu wenye afya, wakaona kwamba za wagonjwa zinafanana na za watu waliowazidi umri kwa miaka 15 hadi 20. Mtu wa miaka 40 anakaa kwenye kiti cha mashine akiwa na kinga ya mtu wa miaka 55 au 60.

Kinga iliyochoka ingekuwa hatari ndogo kama milango ingekuwa imefungwa. Kwa mgonjwa huyu milango iko wazi.

Hesabu yenyewe ni hii. Anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hufika kwenye mashine mara 156 kwa mwaka. Kila mara huchomwa sindano mbili nene, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Hizo ni sindano 312 kwa mwaka. Hata anayekwenda mara mbili kwa wiki, kiwango ambacho bima ya taifa ya Kenya, NHIF, ilikuwa ikikilipia, huchomwa mara 208. Na huyo ndiye mwenye bahati, maana ana fistula, yaani mshipa wa mkononi ulioungwa na ateri ukatanuka, ufundi ulioanzishwa na madaktari wa New York na kutangazwa mwaka 1966. Asiye na fistula huwekewa katheta, ule mpira wa shingoni au kifuani ambao ncha yake inafika karibu na moyo. Bakteria wanaokaa kwenye ngozi ya kila mtu, hasa wale waitwao stafilokokasi, hupata barabara iliyonyooka hadi kwenye mkondo wa damu.

Mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa takwimu zake mwezi Februari 2023. Katika miaka ya 2017 hadi 2020, mtu mzima anayesafishwa damu alikuwa na uwezekano mara 100 zaidi wa kupata maambukizi ya stafilokokasi katika damu kuliko mtu mzima asiyetumia mashine. Mwenye katheta alikuwa hatarini mara sita zaidi ya mwenye fistula. Kwa wagonjwa wa mashine, maambukizi ni ya pili kwa kuua baada ya magonjwa ya moyo. Hata hivyo takwimu hizohizo zilileta habari njema: vitengo vilivyoshika usafi wa mikono, usafishaji wa ngozi kabla ya sindano na kupunguza katheta viliona maambukizi ya damu yakishuka. Kati ya 2014 na 2019 yalipungua kwa asilimia 40.

Wapo wagonjwa wa figo ambao kwao upungufu wa kingamwili ni wa wazi hata kwenye jumla yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini, yule anayeamka uso umevimba na mkojo wake una povu, hupoteza kingamwili ndani ya mkojo huo kila siku. Anayesafishwa damu kwa kuwekewa maji tumboni naye hupoteza gramu 5 hadi 15 za protini kwa siku kupitia maji hayo, na kingamwili zimo. Anayetumia dawa za kutuliza kinga kwa sababu ya lupasi, au aliyewahi kupandikizwa figo ikakataa, ana mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Ni daktari wa figo anayejua yupi kati ya hao anahitaji uangalizi wa ziada.

Turudi kwenye homa ya ini, maana ndiyo iliyotoa somo kali kuliko yote. Kati ya 1969 na 1970 mlipuko wa homa ya ini B ulikipiga kitengo cha figo cha hospitali kuu ya Edinburgh, Scotland. Watu 11 walifariki, na miongoni mwao walikuwamo watumishi wa hospitali yenyewe. Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Rosenheim, na ripoti yake ya mwaka 1972 ikaweka taratibu zinazofuatwa duniani kote hadi sasa: kila mgonjwa apimwe kabla ya kuingia, mwenye virusi awe na mashine yake na chumba chake, damu ya kuongezewa ichunguzwe. Taratibu hizo zina sababu nzito. Kirusi hiki hudumu kwenye uso mkavu, juu ya meza, kibanio au mkono wa kiti, kwa siku saba kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha.

Chanjo ilikuja mwaka 1981 ikapokewa kwa furaha. Kwa watu wazima wenye afya, zaidi ya 90 kati ya 100 wanaomaliza dozi tatu hupata kingamwili za kutosha. Ilipopelekwa kwa wagonjwa wa mashine, tafiti nyingi zilikuta kwamba kwa dozi za kawaida ni nusu tu, au zaidi kidogo ya nusu, waliopata kinga. Fumbo la 1969 likajirudia kwa sura nyingine. Mwili ambao haukupigana na kirusi haukuitikia vizuri hata picha yake.

Madaktari hawakuitupa chanjo. Walibadilisha namna ya kuitoa. Mgonjwa wa mashine sasa hupewa dozi mara mbili ya ile ya mtu mwenye afya, mikrogramu 40 badala ya 20, na kwa chanjo inayotumika sana hupewa mara nne: siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Huchomwa begani, kwenye mkono usio na fistula. Tako halifai kwa sababu chanjo ikiishia kwenye mafuta haifanyi kazi vizuri. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, damu yake hupimwa kuona kingamwili zimefika ngapi. Mpaka wa kinga ni 10. Akiwa chini ya hapo, anarudia mzunguko wote wa chanjo na kupimwa tena. Akiwa juu, anapimwa kila mwaka, na siku namba ikishuka chini ya 10 anaongezewa dozi moja.

Upo na ushauri wa tangu zamani ambao haufuatwi inavyostahili: mgonjwa achanjwe mapema, figo zikiwa zinadhoofika lakini hazijafa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ambaye kliniki imeshamwambia figo zake zinapungua nguvu ana mwili unaoitikia chanjo vizuri zaidi leo kuliko utakavyoitikia baada ya kufika kwenye mashine. Vilevile anayesubiri kupandikizwa figo, huduma iliyoanza kutolewa Muhimbili mwezi Novemba 2017, anapaswa kumaliza chanjo zake kabla ya upasuaji, maana dawa za kuizuia figo mpya isikataliwe huidhoofisha kinga zaidi.

Jambo hili linaihusu Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B yalitokea katika kanda yake ya Afrika. Chanjo ya watoto dhidi ya ugonjwa huu iliingia katika ratiba ya Kenya mwishoni mwa 2001, na ya Tanzania na Uganda mwaka 2002. Aliyezaliwa Mbeya, Kisumu au Gulu mwaka 1975 hakupewa sindano hiyo utotoni. Kizazi hicho ndicho kinachokaa kwenye viti vya mashine sasa, kisukari na shinikizo la damu vikiwa vimemaliza figo zao. Wanaingia chumba cha damu wakiwa hawakuandaliwa, katika ukanda ambao kirusi ni jirani wa kila siku, na wakiwa na mwili unaochelewa kujifunza.

Kwa hiyo kadi ya chanjo isimridhishe mtu. Kadi inasema sindano iliingia. Haisemi kama mwili ulijibu. Mgonjwa anaweza kuwa na mihuri yote minne, tarehe zimepangwa vizuri, na damu yake isiwe na kinga hata kidogo. Kinachosema kweli ni kipimo cha kingamwili baada ya chanjo, na hicho ndicho kinachorukwa, ama kwa gharama, ama kwa kusahau, ama kwa sababu kila mtu ameiona kadi akatulia. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba kipimo cha virusi kikifanywa siku chache baada ya sindano kinaweza kuonyesha kana kwamba mtu ameambukizwa, kwa sababu kinaikuta chanjo yenyewe. Asitishwe na jibu hilo. Arudie baada ya wiki chache.

Kanuni hiyohiyo inakwenda kwenye chanjo nyingine. Mgonjwa wa mashine anashauriwa apate ya homa ya mafua kila mwaka na ile ya bakteria wa kichomi. UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, kabla ya chanjo kupatikana, takwimu za Ulaya zilionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa mashine waliougua alifariki. Chanjo zilipokuja, wengi wao walipata kingamwili, ila kwa kiwango cha chini na kilichoshuka haraka, ndiyo maana walitangulizwa kwenye dozi za nyongeza. Kinga ya nusu bado humwokoa mtu asife, kwa hiyo udhaifu wa mwitikio ni sababu ya kuchanja zaidi.

Tuzungumzie sasa dalili. Figo zikifa, joto la mwili la mgonjwa mara nyingi huwa chini kidogo ya la mtu wa kawaida. Maambukizi yakimwingia, kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi ambazo kwa mwingine zingekuwa za kawaida kabisa. Familia inayosubiri homa kali inaweza kusubiri hadi mtu azimie. Dalili nyingine ndizo za kutazamwa: kuchanganyikiwa ghafla, presha kushuka, uchovu usio wa kawaida yake, mkono wa fistula kuwa mwekundu au kutoa usaha, kidonda cha katheta kuuma. Mzee akimwambia muuguzi, "Nesi, baridi inanitetemesha," mashine ikiwa inazunguka, asifunikwe blanketi la pili na kuachwa. Baridi inayoanza damu inapopita kwenye mashine ni ishara ya bakteria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara, kisha antibayotiki ianze bila kusubiri kesho.

Wapo wanaouliza kwa nini wagonjwa hawa wasiongezewe kingamwili kwa dripu, kama wafanyiwavyo watoto waliozaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza. Mtoto wa kwanza wa aina hiyo aliyeelezwa na tiba ya kisasa ni mvulana wa miaka 8 aliyetibiwa na Ogden Bruton, Marekani, habari iliyochapishwa mwaka 1952. Alikuwa akipata maambukizi makali ya bakteria mara kwa mara, na sindano za kingamwili zikambadilishia maisha. Lakini mgonjwa wa mashine kwa kawaida ana jumla ya kutosha, kwa hiyo dripu hiyo si tiba yake ya kila siku. Tena ni ghali, na baadhi ya dawa hizo zilizochanganywa na sukari aina ya sukrosi zimewahi kuumiza figo zilizokuwa bado zinafanya kazi. Kinachowafaa wengi wao ni cha bei nafuu zaidi: sabuni, mikono iliyooshwa, fistula iliyotengenezwa mapema kabla ya mpira wa shingoni, dozi kamili za chanjo, na kipimo.

Msikilizaji mwenye baba, mama, mke au kaka kwenye mashine, siku ya zamu ijayo fuatana naye. Mwombe muuguzi afungue faili, mtafute pamoja jibu la kingamwili za homa ya ini B: namba ni ngapi, na ilipimwa tarehe gani. Kama iko chini ya 10, au ina zaidi ya mwaka, au ukurasa huo ni mtupu, ombeni damu ichukuliwe siku hiyohiyo, kabla mashine haijawashwa.